Nta Isiyo Yake

Watoto wa mtaani ndio waliompa jina la Mama Kioo, kwa kuwa kila Jumamosi mchana walikuja kujitazama meno kwenye mlango wa gari la mumewe. Gari lenyewe halikuwa la kutikisa mtaa. Lilikuwa dogo, la milango minne, la miaka mingi, rangi yake bluu iliyokolea. Lakini kwa jinsi lilivyotunzwa, wapita njia walidhani limetoka dukani wiki hiyo, na wengine walibisha hodi kuuliza kama linauzwa.

Maisha yake ya kazi Mama Kioo aliyamalizia kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, katikati ya mvuke na mashuka, na huko alijifunza kusoma madoa jinsi wengine wanavyosoma gazeti. Ukimpa foronya alikwambia aliyeilalia ana homa au ana kidonda, na kama alilia usiku. Tabia hiyo alistaafu nayo. Nyumbani kwake hakuna aliyekula embe kwa siri.

Mumewe alikuwa ameendesha malori, kisha basi la wafanyakazi wa kiwanda, na watu wote, hata binti yao akiwa na utani, walimwita Dereva. Ujana mzima hakuwahi kugonga hata kuku. Hiyo ni habari aliyokupa mwenyewe kabla hujamaliza kukaa kwenye kiti.

Gari walikuwa wamegawana bila kikao. Usukani, injini na kelele zote za chini ya boneti vilikuwa vya Dereva. Ngozi ya nje ilikuwa ya Mama Kioo. Yeye kuendesha hakujua na hakutamani kujua, ila rangi ile hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Jumamosi asubuhi gari lilisogezwa kwenye kivuli cha ukuta kabla jua halijapanda, maana bati likipata moto sabuni hukauka ikaacha alama za matone. Aliweka ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga uliotoka mlangoni usirudi mlangoni. Sabuni ilikuwa ya magari. Ile ya vyombo aliipiga marufuku kwa sababu hula nta. Alianza na paa akashuka taratibu, magurudumu yakaja mwisho na kitambaa chao peke yao. Akishakausha, alivisha mkono mfuko mwembamba wa nailoni na kuupitisha juu ya rangi huku amefumba macho. Vidole vilivyovaa nailoni husikia chembe ambayo vidole vitupu haviisikii kamwe. Palipokwaruza alirudia. Mwisho ndipo alipofungua kopo la nta, nta ya manjano, ngumu kama siagi ya baridi, akaichota kidogo kwa sponji na kuipaka kwa mistari iliyonyooka, akangoja ishike ukungu, akaifuta kwa taulo kuukuu hadi mkono wake mwenyewe ukamtazama kutoka ndani ya bluu.

Jumamosi moja, nta iligoma.

Haikugoma gari zima. Iligoma kwenye madigadi ya kushoto, pale juu ya gurudumu la mbele. Aliifuta, ikabaki na weupe kama kioo kilichopumuliwa. Akafuta tena, weupe ukahama tu mahali. Upande wa kulia nta ileile, kutoka kopo lilelile, ilikuwa imeng'aa bila taabu. Akainama kuangalia vizuri, na hapo ndipo alipouona uzi mwembamba mweupe uliokaukia ndani ya ufa, baina ya taa na bati. Akauchokoa kwa ukucha. Ilikuwa nta, au kitu cha ukoo wa nta. Lakini yake ilikuwa ya manjano, na yeye hakuwahi kuacha mabaki kwenye ufa wowote tangu gari liingie nyumbani.

Akainusa. Ilikuwa na harufu tamu ya kuchoma pua, kama rangi ya kucha.

Machale yakamcheza.

Dereva alikuwa barazani akisikiliza redio. Mama Kioo alimsogelea huku akikunja taulo, sauti yake ameilainisha kama anayeuliza kama chumvi ipo.

"Mzee, hili gari ulilipeleka kuoshwa mahali?"

"Nani aoshe, na wewe upo?" akajibu Dereva, upesi mno, bila kugeuza shingo.

"Nimeuliza tu."

"Basi nimejibu tu."

Angetulia kidogo kabla ya kujibu, labda yangeishia hapo. Lakini Mama Kioo alikaa na mtu huyu miaka mingi, na alimjua kwamba hata akiulizwa saa ngapi huanza kwa kukuna kidevu. Jibu lililotoka mbio namna ile lilikuwa jibu lililokuwa limekaa mlangoni limevaa viatu.

Tangu siku hiyo akaanza kulisoma gari kama shuka la mgonjwa asiyejulikana. Alivaa nailoni yake katikati ya wiki, Dereva akiwa bafuni, akapitisha mkono kwenye kioo cha mbele. Upande wa kulia kioo kilikuwa laini. Pembeni kabisa kushoto kilikuwa na chembe ndogondogo, kali, kama chumvi iliyogandishwa. Kwenye mpira wa taa akakuta mstari mwembamba wa bluu, umenyooka kama uliokatwa kwa wembe. Mpira hauna haja ya kuwa bluu.

Kisha akakumbuka Jumatano. Kwa miezi kadhaa Dereva alikuwa na safari za Jumatano, mara kwa mara ingawa si kila wiki. Alisema anakwenda kumjulia hali mwenzake wa zamani wa kwenye basi, ambaye mguu unamsumbua. Alirudi jioni mchangamfu, ananunua mkate bila kutumwa. Mwanzoni Mama Kioo aliufurahia mkate ule. Sasa aliutazama mezani kama unajua kitu.

Akahamia kwenye nguo. Shati la Jumatano alilifua mwenyewe kwa mkono, na kwenye pindo la mkono wa kushoto akakuta kidoa kidogo cha bluu, mviringo, kikavu. Sabuni haikukitisha. Maji ya moto hayakukitisha. Alichukua dawa ya kutolea rangi ya kucha aliyoisahau binti yao kabatini, akachovya pamba, na kidoa kikayeyuka mara moja. Mama Kioo akakaa kwenye ukingo wa ndoo. Kwa hiyo kulikuwa na harufu ya rangi ya kucha kwenye gari na doa la rangi ya kucha kwenye shati. Hakuhitaji mtu wa kumjumlishia.

Mtu huyo hata hivyo alikuja bila kuitwa. Jirani yake mshonaji, mwanamke aliyeona mambo mengi kwa kuwa cherehani yake ilielekea barabarani, alimwita dirishani akijifanya ana kipimo cha gauni.

"Mimi sisemi kitu," akaanza mshonaji, na Mama Kioo akajua anasema kitu. "Ila Jumatano nilikwenda kununua nyuzi kule kwa wauza mbao. Nikaliona gari lenu. Shemeji yuko ndani, kioo amekishusha, na kuna mwanamke amejiegemeza kwenye mlango wanaongea."

"Mwanamke wa namna gani?"

"Si msichana. Wa makamo, ana mwili wake. Wanacheka." Mshonaji akauma uzi kwa meno. "Labda ni ndugu."

"Labda," akasema Mama Kioo.

Hakulia na hakugombana. Alijikaza, akapika, akapakua, akakaa mezani akimtazama mumewe anavyokula. Lakini kichwani mambo hayakukaa sawa, na yaliyomsumbua hayakuwa yale ambayo jirani yake angedhani. Mwanaume mwenye mwanamke mwingine ataficha manukato, ataficha unywele. Kwa nini huyu ang'arishiwe madigadi? Ni mwanamke gani wa nje anayepokea mgeni kwa kumsugulia gari, tena upande mmoja?

Hapo ndipo wazo jingine, baya zaidi, lilipoingia na kukaa. Labda amegonga mtu.

Aliitoa sumaku ya mlango wa friji, ile yenye umbo la nanasi, akaifunga kwenye kitambaa isichubue, akatoka nayo uani Dereva akiwa amelala mchana. Kwenye madigadi ya kulia sumaku ilinasa papo hapo. Kwenye ya kushoto aliiweka, ikateleza, ikamwangukia kiganjani. Akajaribu chini kidogo, ikanasa kwa uvivu. Juu karibu na taa haikunasa kabisa. Chini ya bluu ile palikuwa na puti ya kujazia mabonyeo, tena nene. Bati lilikuwa limebonyea, likajazwa, likapigwa msasa, likapakwa, na yeye akapaka nta juu yake kila Jumamosi kama mjinga. Alikuwa amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na chupa yenyewe alikuwa akiing'arisha.

Kuanzia hapo alisikiliza habari za redioni kwa masikio mengine. Ikitajwa ajali, ikitajwa gari lisilojulikana lililokimbia, mkono wake ulisimama juu ya sufuria. Alimtazama Dereva usoni kutafuta kama anashtuka. Dereva hakushtuka. Aliomba apunguziwe sauti.

Na Jumatatu asubuhi, kama kawaida, Dereva alimpakia mjukuu wao na mkoba wake na kumpeleka shule.

Jumatano iliyofuata Mama Kioo alimwacha mumewe aondoke, akafunga nyumba, akatembea kwa miguu hadi kwa wauza mbao. Njia ilikuwa ya vumbi la msumeno, na nyuma ya rundo la mwisho la mbao palikuwa na uwanja uliozungushiwa mabati, lango lake wazi. Alijibanza nyuma ya mbao zilizosimamishwa. Kutoka hapo aliliona gari lake, bluu, kushoto kwake kumefunikwa magazeti na utepe wa karatasi. Alimwona Dereva amekaa kwenye kigoda, kikombe cha chai mkononi. Na alimwona mwanamke.

Alikuwa na mwili wake, kama alivyosema mshonaji. Alikuwa pia na ovaroli iliyotapakaa rangi za magari yote ya mji, na kitambaa kichwani, na kinyago cha kuzuia vumbi amekining'iniza shingoni. Mkononi alishika msasa uliolowa maji na alikuwa anasugua madigadi kwa mviringo mdogo, mvumilivu. Dereva alisema neno, yule mwanamke akacheka, akaendelea kusugua.

Mama Kioo alisimama pale hadi miguu ikafa ganzi. Hasira aliyokuja nayo ilitafuta mahali pa kushuka isipaone. Aliwaona wakibandua magazeti, akaona nta nyeupe ikitoka kwenye chupa na kufutwa, Dereva akipeana mkono na mwanamke yule na kuondoka kwa kurudi nyuma, polepole mno, shingo ameipinda yote kushoto kama kuku anayetazama mwewe. Gari lilipopotea, Mama Kioo alikung'uta vumbi kwenye gauni, akaingia langoni.

"Karibu mama," akasema mpiga rangi. "Una gari?"

"Lililotoka sasa hivi ni la kwangu."

Mpiga rangi alimwangalia, kisha uso ukamfunguka. "Kumbe ndiye wewe? Karibu sana, kaa. Pole na mafunzo."

"Mafunzo gani?"

"Ya kuendesha. Usione haya, mama. Kuanza ukubwani si jambo dogo. Baba ametueleza, geti la nyumbani ndilo linalokusumbua."

Mama Kioo alikaa kwenye kigoda ambacho bado kilikuwa na joto la mumewe. "Amesema mimi ndiye ninayeligonga?"

"Kila akija. Anasema, mke wangu ana moyo lakini geti limemzidi." Mpiga rangi akaanza kucheka, akaona anacheka peke yake, akaacha.

"Mwanangu, mimi sijawahi kukaa nyuma ya usukani hata wa baiskeli."

Mtu wa jirani aliwasha msumeno wa mbao na kuuzima.

"Basi nisamehe," akasema mpiga rangi, na sasa aliongea taratibu, kama anayechagua pa kukanyaga. "Ila na mimi nilikuwa na wasiwasi. Mtu anayejifunza hugonga popote. Leo nyuma, kesho mlango, keshokutwa taa ya kulia. Lenu linakuja na jeraha hapohapo, kona ya mbele kushoto. Mara limekwaruzwa na ukuta, mara nguzo. Upande wa kulia haujawahi kuguswa. Nikasema moyoni, huyu mama ana jambo na kushoto. Nikataka kumuuliza baba, nikaona si kazi yangu."

"Hajagonga mtu?"

"Hapana. Mtu haachi alama ya chokaa. Hizi zote ni kuta na nguzo, chokaa na rangi ya geti, nimezitoa kwa mikono yangu." Akamwangalia tena. "Na wewe ndiye unayepaka ile nta ya manjano? Unanitesa. Rangi haishiki juu ya nta, naiosha mara mbili tatu ndipo nianze kazi. Na safari iliyopita umeipaka juu ya rangi yangu ikiwa mbichi. Rangi mpya huachwa wiki kadhaa ikauke hadi ndani, ukiiziba na nta inashika ukungu."

"Ningejuaje ni mbichi?"

"Kweli," akakiri mpiga rangi. "Ungejuaje."

Njia ya kurudi Mama Kioo hakuikumbuka baadaye. Alikuwa na shaka mpya na hiyo haikuwa na hasira ndani yake. Akaanza kuokota vitu vidogo alivyokuwa amevipita. Dereva kuhamia upande wa pili wa meza, eti huku kuna upepo, akawa na wote kulia kwake. Bilauri mbili zilizovunjika, kila mara kosa likiwa la bilauri. Bega la kushoto lenye mchubuko wa mlango. Mjukuu akimwita kutoka upande ule na babu kutoitika, na wote wakasema masikio yameanza.

Masikio hayakuwa na kitu. Alithibitisha siku ileile.

Dereva alikuwa barazani na redio yake, ameupa ukuta mgongo. Mama Kioo alivua kandambili ndani, akatoka kimyakimya kwa mlango wa kushoto na kusimama hatua chache tu kutoka kwake, mahali ambapo mtu yeyote angemwona bila kugeuka. Akangoja. Dereva alipiga miayo. Alijikuna kidevu. Aliimba mstari mmoja wa wimbo uliokuwa hewani, vibaya, kama anavyoimba mtu aliye peke yake. Mama Kioo aliinua mkono akaupunga. Akautikisa karibu zaidi. Mumewe aliendelea kutazama mbele, ameridhika.

Akarudi ndani akakaa kitandani, roho mkononi.

Hakusema Alhamisi wala Ijumaa, ila Ijumaa alimpigia binti yao simu kwamba Jumatatu atampeleka mtoto shule yeye mwenyewe, babu ana mafua. Jumamosi alitoa ndoo zake mbili, akaosha gari, akakausha. Dereva alikuwa amesimama karibu na mti wa kuanikia nguo, anasubiri sifa za kazi yake ya siri, yaani ukimya.

"Nilikwenda kwa mpiga rangi," akasema Mama Kioo.

Dereva alikuna kidevu. Alikikuna muda mrefu.

"Amekwambia nini?"

"Kwamba mimi naendesha vibaya."

Tabasamu likamjia Dereva nusu, likakosa pa kwenda. Akajishusha taratibu hadi kwenye ngazi ya baraza.

"Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia."

"Kwa kunisingizia?"

"Ningesema nini? Kwamba Dereva anagonga nguzo?" Akaitazama mikono yake. "Ilianza kama ukungu kwenye kona ya kioo. Nikasimamisha gari, nikashuka, nikafuta kioo. Nikaendelea, ukungu uko palepale. Nikasema kioo kina mafuta. Nikakiosha kwa sabuni yako, ndiyo, niliiba. Kisha usiku nimelala, nimetazama dari, nikauona ukungu uleule darini. Nikajua si kioo."

"Ni tangu lini?"

"Jicho la kulia ni zima. Linatosha. Kuna watu wanaendesha na jicho moja maisha yao yote, na hawajui hata wao."

Mama Kioo aliinama kwenye ndoo, akachukua kitu, akakiinua mbele yake upande wa kushoto.

"Ziba hilo zima. Uniambie nimeshika nini."

Dereva aliziba jicho la kulia kwa kiganja. Akatazama. Shingo ilianza kugeuka, Mama Kioo akamwambia asigeuze, akairudisha. Nje ya lango watoto walikuwa wanangoja kujitazama meno.

"Kitambaa," akasema.

Lilikuwa kopo la nta, kubwa kama sahani, jekundu.

Hakumwambia alichoshika. Dereva mwenyewe aliteremsha kiganja, akaliona.

"Mjukuu wetu," akasema Mama Kioo, "kila Jumatatu unamkalisha kiti cha kushoto."

Dereva alitia mkono mfukoni. Funguo alizitoa zikiwa zimeshikana na kipande cha ngozi alichopewa kiwandani siku ya kustaafu. Alikichomoa kile kipande, akabaki nacho, funguo akazitua juu ya boneti, kwa uangalifu, zisikwaruze.

Hospitali waliambiwa ni presheni ya macho, ugonjwa unaotafuna pembeni kimyakimya bila maumivu. Daktari hakuwadanganya. Lililopotea kushoto limepotea. La kulia nalo lilikuwa limeanza kuguswa, lakini matone ya asubuhi na jioni yangeweza kulishikilia miaka mingi, kama yatatiwa kweli. Mama Kioo aliyashika maneno hayo ya mwisho.

Mtu angefikiri baada ya hapo walipatana, kumbe walipatana polepole sana. Dereva alinuna. Alijibu kwa mkato, akala akitazama sahani, na akiitwa kwa jina lake la mtaani aliitika kama anayetonesha kidonda. Mama Kioo naye alikuwa amejifunza kutomwamini, na jambo hilo ni rahisi kuanza, kuacha ndiyo kazi. Kila jioni aliinua kichupa cha matone kwenye mwanga kuona kama dawa imeshuka. Iliposhuka, alijiuliza kama imeshukia jichoni au kwenye sinki. Alimtaka atie mbele yake. Dereva akatia mbele yake, mdomo ameubana, tone likamchuruzika shavuni kama chozi, na wote wawili wakajifanya hawakuona ufanano huo.

Funguo za akiba pia zilimnyima raha, kwa kuwa Dereva aliapa zilipotea zamani. Mama Kioo akachukua kokoto ndogo ya chokaa, akaisukuma nyuma ya gurudumu la nyuma, mahali ambapo gari likisogea hata kidogo itasagika. Siku nyingi kokoto ilikaa. Kisha asubuhi moja aliikuta imekuwa unga.

"Umeliendesha," akamwambia.

"Nimeliwasha tu betri isife. Nikasogea mbele, nikarudi. Lango lilikuwa limefungwa."

"Na funguo?"

Akazitoa kwenye kiatu. Mama Kioo aliamini nusu ya maneno yale, na nusu nyingine akaenda kuitafuta kwenye madigadi ya kushoto, akiwa amevaa nailoni, amefumba macho. Ilikuwa laini. Bluu ile ya mpiga rangi ilikuwa imekauka sasa hadi ndani, nta ilishika, na ufa wa taa ulikuwa safi. Aliiangalia tena kesho yake.

Jumamosi zikabadilika bila mtu kupanga. Dereva, kwa kuchoka kukaa, alianza kuomba taulo. Mwanzoni Mama Kioo alimpa magurudumu. Baadaye milango ya nyuma, na baada ya ugomvi mmoja mdogo juu ya kiasi cha nta, upande wa kulia wote. Alikuwa na mkono mzito lakini msikivu, alilisikia vumbi kabla hajaliona. Upande wa kushoto Mama Kioo hakuutoa. Alipomaliza wake alizunguka na kukagua wa mumewe, naye akasimama akikaguliwa, kama mwanafunzi aliyeiba lakini safari hii hana kitu mfukoni.

Binti yao ndiye aliyeanza kuliendesha. Alikuja siku ya kliniki, akakaa kwenye usukani, akasogeza kiti mbele, na baba yake akatazama pembeni wakati kiti kinasogezwa. Dereva alikaa kushoto kwake. Mama Kioo alikaa nyuma, mkoba wenye vichupa mapajani. Walipotoka langoni Dereva alikanyaga breki isiyokuwepo. Alimwambia binti yake abadilishe gia ambayo alikuwa ameshaibadilisha, apunguze mwendo ambao haukuwa na la kupunguza, awashe taa ya kugeukia ambayo ilikuwa inalia muda wote.

"Baba," akasema binti, "nani anaendesha?"

"Wewe. Ndiyo maana nasema."

Walifika kwenye njia panda kubwa, ile ambayo magari hutokea kushoto kwa kasi kutoka juu ya mlima. Binti alisimama. Dereva naye akaanza kugeuza shingo kushoto, ile shingo yote, kama alivyozoea miezi yote ile ya kujificha. Katikati akaacha. Akairudisha mbele, akatulia na mikono yake magotini.

"Mama," akasema Dereva, bila kugeuka, "kushoto pako wazi?"

Mama Kioo aliegemea dirisha. Barabara ilipanda mlima, tupu hadi juu.

"Pako wazi," akasema. Kisha, kabla binti hajakanyaga mafuta, akatazama mara ya pili.